Wakili bila malipo: Nani humtetea mnyonge kortini, na kwa nini wengi humtafuta wakiwa wamechelewa

KILA Jumatatu asubuhi, magari ya polisi huwasili katika mahakama za mahakimu kote nchini yakiwa yamesheheni watu waliokamatwa mwishoni mwa wiki. Humo utampata mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake mahali pasiporuhusiwa, kijana aliyenaswa katika msako wa usiku, na mama aliyepatikana akiuza pombe haramu. Karani humsomea kila mmoja shtaka lake kwa Kiswahili, kisha humwuliza iwapo ni kweli au si kweli.

Wengi hujibu kwamba ni kweli.

Baadhi yao hukiri kwa sababu walitenda kosa. Wengine hukiri kwa sababu waliambiwa na wenzao korokoroni kuwa anayekubali hutozwa faini ndogo akaenda zake, ilhali anayekana hurudishwa rumande kwa wiki kadhaa. Ushauri huo wa korokoroni una kasoro mbili kubwa. Kwanza, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema wazi kwamba mtu hafai kuzuiliwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi madogo ya mtaani huangukia hapo hapo.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi. Kwa mujibu wa kifungu cha 348 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai, mtu aliyekiri kosa mbele ya hakimu na akapatikana na hatia hawezi kukata rufaa kupinga hatia hiyo. Anachoweza kulalamikia ni uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Ni kweli kwamba majaji hubatilisha hukumu endapo itabainika kuwa mshtakiwa hakuelewa alichokuwa akikiri, na tangu uamuzi wa kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri mwaka wa 1973 mahakimu wanapaswa kueleza shtaka na maelezo yake yote kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Lakini hilo ni jambo la kuthibitishwa baadaye, na mtu ambaye tayari amefungwa.

Wakili angemweleza mshtakiwa mambo haya kwa muda usiozidi dakika tano. Mwenye pesa huzinunua dakika hizo. Asiye nazo hutegemea mashirika ya msaada wa kisheria, ambayo Wakenya wengi wameyasikia kwa majina tu bila kujua yanafanya nini, yanamsaidia nani na yana mipaka gani.

Shirika kongwe miongoni mwayo ni Kituo Cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka wa 1973 na mawakili waliojitolea kuwashauri maskini wa Nairobi. Ni busara kwamba waasisi wake walikipa jina la Kiswahili wakati ambapo karibu kila kitu kilichohusu sheria kilinenwa kwa Kiingereza. Mtu aliyefukuzwa kazini Industrial Area hakuhitaji mkalimani kuuliza njia. Hadi leo kazi ya Kituo ni ile ile kwa sehemu kubwa: wapangaji wanaofurushwa, vibarua walionyimwa mishahara, wakazi wa mitaa ya mabanda wanaotishiwa na matingatinga, pamoja na wakimbizi wanaoishi mijini. Kituo kina afisi Mombasa pia.

Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kilizaliwa mwaka wa 1985, mwaka ambao Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la tatu la Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Kesi zake nyingi ni za nyumbani: malezi ya watoto, mgawanyo wa mali ya ndoa, urithi wa wajane na dhuluma za kimwili. FIDA ilitambua mapema kwamba mawakili wake hawangetosha kusimama kortini kwa niaba ya kila mwanamke anayebisha hodi. Kwa hivyo ikaanza kuwafunza wateja kujiwakilisha wenyewe. Mwanamke huelezwa namna ya kuandika ombi la matunzo ya mtoto, stakabadhi za kuambatisha, mahali pa kusimama na namna ya kumjibu hakimu. Wapo wanaokejeli mpango huo kuwa ni wakili wa kujifanyia. Hata hivyo, katika mahakama ya watoto, mama anayezijua haki zake na aliye na risiti za karo mkononi mara nyingi huwa mgumu kushindwa. Isitoshe, Kifungu cha 53 cha Katiba kimemrahisishia kazi kwa kutamka kwamba baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la.

Yapo mengine yenye fani zao. CRADLE, lililoanza mwaka wa 1997, hushughulikia watoto, wawe waliodhulumiwa au wenye mashtaka. Legal Resources Foundation huweka wasaidizi wake mahakamani na magerezani. Chama cha Mawakili Nchini, LSK, nacho huandaa kila mwaka wiki ya kuhamasisha umma, ambapo mawakili huketi kwenye viwanja vya mahakama na kumshauri yeyote bila kumtoza chochote.

Serikali ilikuwa wapi muda huo wote? Kwa miaka mingi ilijifunga kwa jambo moja tu: mshtakiwa wa mauaji katika Mahakama Kuu aliyeshindwa kumlipa wakili alipewa mmoja kwa gharama ya umma. Utaratibu huo ulileta kitendawili ambacho wanasheria wamekilalamikia kwa miongo kadhaa. Wizi wa mabavu nao umewekewa hukumu ya kifo katika sheria ya adhabu, lakini kesi yake husikilizwa na hakimu, si jaji. Matokeo yake yakawa kwamba watu wawili, wote wakikabiliwa na kitanzi, mmoja alikuwa na wakili wa serikali na mwingine aliachwa ajihoji na mashahidi peke yake. Mtu ambaye hajawahi kuhoji shahidi maishani alitakiwa ajifunze kazi hiyo siku maisha yake yakiwa mizani.

Katiba ya 2010 ililenga kuondoa hali hiyo. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada yoyote inayotozwa isiwe kizuizi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili na serikali endapo ukosefu wake utasababisha dhuluma kubwa, na haki ya kuarifiwa jambo hilo mara moja. Msomaji atambue sharti lililomo. Katiba haikuahidi wakili kwa kila mshtakiwa. Ilimwahidi yule ambaye bila wakili atadhulumiwa pakubwa.

Dhuluma kubwa ni ipi? Mahakama ya Juu ililigusia suala hilo mwaka wa 2017 katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Karisa Chengo na wenzake. Majaji walisema mahakama itazame uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kumlipa wakili, iwapo yeye ni mtoto, kiwango chake cha elimu na ugumu wa shtaka lenyewe. Mizani hiyo ni ya haki, lakini imewekwa mikononi mwa hakimu ambaye pengine ana kesi nyingine arobaini mezani asubuhi hiyo.

Ili kuitekeleza ahadi ya Katiba, Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka wa 2016. Sheria hiyo iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyochukua nafasi ya mpango wa majaribio ulioanza mwaka wa 2008. Wanaostahili kusaidiwa ni raia wa Kenya wasio na uwezo, watoto, wakimbizi, waathiriwa wa ulanguzi wa binadamu, wakimbizi wa ndani kwa ndani na watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Msaada wenyewe haumaanishi kusimamiwa kortini pekee. Ushauri, uandishi wa stakabadhi, usuluhishi nje ya mahakama na elimu ya sheria vyote vimo.

Yapo pia mambo yaliyoachwa nje, na ni vyema kuyajua kabla ya kutumia nauli. Huduma hiyo haishughulikii kesi za ushuru, kudai madeni, kufilisika wala kuchafuliwa jina, na haizihudumii kampuni wala mashirika. Anayedai deni dogo, mathalani fundi aliyejenga nyumba asilipwe, njia yake ni Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021 na husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Sheria inaitaka itoe uamuzi katika siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili.

Kipengele ambacho mwandishi huyu anakiona kuwa kiini cha sheria ya 2016 hakizungumziwi sana. Mkuu wa kituo cha polisi au gereza anatakiwa kumweleza kila anayeletwa kizuizini, kwa lugha anayoielewa, kwamba msaada wa kisheria upo, na kumwuliza iwapo anauhitaji. Hakimu naye anapaswa kumfahamisha mshtakiwa asiye na wakili haki yake ya kuwa naye. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe ilitambua kwamba wakati wa kumsaidia mtu ni kabla hajafungua kinywa. Afisi za Huduma hiyo hata hivyo ni chache zikilinganishwa na vituo vya polisi, na pale zisipo, maelezo hayo hata yakitolewa hayana pa kumpeleka mtu.

Pengo hilo limezibwa kwa kiasi na watu ambao si mawakili. Wasaidizi wa kisheria ni wakazi wa kawaida, akiwemo mwalimu mstaafu, mhudumu wa afya wa kijijini au mama wa chama, waliopewa mafunzo ya msingi ya sheria. Sheria ya 2016 inawatambua ilimradi wafanye kazi chini ya usimamizi wa wakili au shirika lililoidhinishwa. Hawaruhusiwi kujiita mawakili wala kumtetea mtu kortini. Wanachoweza ni kumwandikia mtu barua ya kudai malipo kwa mwajiri, kumsindikiza msichana aliyenajisiwa hadi hospitalini na kituo cha polisi, kuhakikisha fomu ya P3 imejazwa, na kumfafanulia mzee kijijini tofauti kati ya makubaliano ya mdomo na hatimiliki. Katika mtaa wa Kibra, wasaidizi wa Nubian Rights Forum wamekuwa wakiwasaidia wakazi kuandama vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, shughuli ambayo haina hata chembe ya mbwembwe za kortini lakini bila hivyo vyeti mtu hawezi kufungua akaunti ya benki wala kuajiriwa.

Ajabu ni kwamba baadhi ya wasaidizi hodari zaidi wamo magerezani. Kituo Cha Sheria kimewafunza wafungwa na maafisa wa magereza, yakiwemo Kamiti na Shimo la Tewa, ili wawashauri wenzao. Shirika la Justice Defenders, lililoanzishwa mwaka wa 2007 likijulikana kama African Prisons Project, limeenda hatua zaidi kwa kuwawezesha wafungwa na askari jela kusomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa gerezani. Mfungwa anayemwandikia mwenzake rufaa anafahamu jambo moja ambalo wakili wa mjini huenda asilifahamu: ni yupi aliyekaa rumande miaka mitatu ambayo haikuhesabiwa kwenye kifungo chake. Kifungu cha 333 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kinaitaka mahakama izingatie muda huo. Maombi ya aina hiyo ni mepesi kuandika, na yamewarejesha watu nyumbani.

Kuna upande mwingine wa kazi hii ambao humfikia mtu hata kama hajawahi kukanyaga afisi ya shirika lolote. Hizi ni kesi za maslahi ya umma. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu yeyote kwenda kortini kwa niaba ya mwingine haki zinapokiukwa, tena bila ada ya kufungua kesi. Mashirika yamekitumia kifungu hicho vilivyo.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa wasichana wa Meru. Shirika la Ripples International, ambalo huwapa hifadhi watoto walionajisiwa, lilibaini kwamba polisi hawakuwa wakichunguza malalamiko yao ipasavyo. Mwaka wa 2012 kesi iliwasilishwa katika Mahakama Kuu ya Meru, ikaja kufahamika kama kesi ya wasichana 160. Mnamo Mei 27, 2013, Jaji James Makau aliamua kwamba utepetevu wa polisi ulikiuka haki za watoto hao, akaagiza uchunguzi ufanywe kwa haraka na kikamilifu. Waliostakiwa hapo hawakuwa wanajisi. Ilikuwa ni serikali, kwa kukaa kitako.

Mwaka huo huo, Kituo Cha Sheria kilifaulu kusimamisha agizo la serikali la kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini hadi kambi za Dadaab na Kakuma. Huko Pwani, wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, waliodhurika kwa sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walitetewa na shirika dogo la mazingira lililoanzishwa na Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho. Walituzwa Sh1.3 bilioni mwaka wa 2020, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha ushindi huo mwaka wa 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Miaka hiyo yote kuna aliyegharamia nakala, nauli na mawakili. Mwanakijiji mmoja mmoja hangeweza kamwe.

Hapa ndipo penye udhaifu wa muundo mzima. Mashirika haya huishi kwa fedha za wafadhili, wengi wao wa ng'ambo. Muungano wa Ulaya umekuwa miongoni mwa wafadhili wakuu kupitia mpango wa PLEAD ulioanza mwaka wa 2018. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mapema mwaka wa 2025, mashirika ya kijamii nchini yaliona namna mradi unavyoweza kukatika ghafla, wateja wakiwa bado kwenye foleni. Sheria ya 2016 iliunda Hazina ya Msaada wa Kisheria hasa ili mzigo huu ubebwe na umma. Hazina isiyotengewa pesa za kutosha katika bajeti ni jina tu, na hilo ndilo swali ambalo wabunge wanapaswa kuulizwa kila Juni, badala ya kusubiri wafadhili waamue iwapo mchuuzi wa Gikomba atapata wakili.

Uhaba huo ndio sababu mashirika hayachukui kila kesi. Afisa humhoji mteja kuhusu mapato yake, hupima iwapo madai yana msingi, kisha huamua kama atampa ushauri, atamsuluhisha na mwenzake au atamtafutia wakili wa kujitolea. Anayekataliwa hukasirika, na si ajabu, lakini mara nyingi sababu haihusiani na umaskini wake. Sababu ni kalenda.

Sheria ina saa yake, nayo haimsubiri asiyejua. Rufaa ya kesi ya jinai kutoka kwa hakimu hukatwa katika siku 14. Ya madai ni siku 30. Aliyefutwa kazi kinyume cha sheria ana miaka mitatu kwenda kortini, sawa na aliyejeruhiwa katika ajali ya barabarani. Anayedai fidia ya madhara dhidi ya serikali ana miezi 12 pekee. Madai ya ardhi hufa baada ya miaka 12. Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda katika baadhi ya hali, lakini lazima mtu atoe sababu ya kuchelewa, na kusema kwamba hukujua sheria hakutoshi. Wakili aliye bora kuliko wote hawezi kumfufulia mtu kesi ya shamba lililotwaliwa na jirani miaka ishirini iliyopita.

Kwa hivyo anayehitaji msaada asingoje hadi hukumu isomwe. Aende na kila karatasi aliyo nayo, hata ile anayoidhania kuwa haina maana: barua ya kuajiriwa, jumbe za simu zenye ahadi ya malipo, taarifa za M-Pesa, notisi ya mwenye nyumba, stakabadhi ya dhamana, nambari ya OB. Aeleze ukweli wote, ukiwemo ule unaomwumbua, kwa kuwa upande wa pili utausema tu. Aulize jina la afisa anayemhudumia na tarehe ya kurudi. Na akiombwa ada ya huduma yenyewe, atahadhari. Sheria inamkataza mtoa msaada kumtoza anayesaidiwa, ingawa nauli na gharama za nakala huenda zikawa zake mwenyewe. Nje ya mahakama nyingi hapakosi watu wenye mikoba wanaojifanya mawakili, na wanaowalenga ni hawa hawa wasiojua pa kwenda.

Aliye kizuizini hahitaji kwenda popote. Anaweza kumwambia mkuu wa kituo au gereza kwamba anataka msaada wa kisheria, na akifikishwa kizimbani amwambie hakimu maneno hayo hayo kabla ya kulijibu shtaka. Hakimu ana wajibu wa kuyaandika.